Pembe Iliyotoka Mezani Pangu

Ndugu zangu wa baraza ya Mumias,

Tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili. La kwanza, yaliyonikuta Mombasa. La pili, mahali ilipokwenda ile pembe ya nyati iliyokuwa ikikandamiza karatasi zangu kwa miaka yote mliyonijua. Nimewajibu kwa kukohoa. Sasa nawajibu kwa maandishi, kwa sababu maswali hayo yana jibu moja, na kwa sababu baadhi ya niliyowaambia kwa mdomo hapo zamani hayakuwa kweli.

Mnakumbuka siku Bwana Badi, mwuza vitambaa, alipotoka pwani akaketi nasi na kumtaja Salim, mtoto wa marehemu dada yangu Zuhura. Alisema Salim amefuga nywele kama mwanamke. Alisema yuwapiga gitaa lenye kelele za kutoboa mabati, na kwamba hurekodi wengine wapigao kelele kama zake. Akamalizia kwa kusema kwamba amepata kanda ya zamani yenye sauti ya mama yake akiimba vugo, ile ngoma ya harusi ambayo wanawake hugonga pembe kwa vijiti huku wakiimba, naye ameitia katika muziki huo ili walevi wacheke.

"Uliisikia?" nilimwuliza.

"Sikuisikia mimi, lakini dunia nzima yaijua."

"Dunia nzima haijaapishwa," nilimjibu.

Nilikuwa karani wa mahakama, kwanza Mombasa kisha huku kwenu, hadi nilipostaafu, na sijapata kumwona hakimu akimfunga mtu kwa neno "niliambiwa". Nikaamua kwenda mwenyewe. Nia yangu ilikuwa moja: kuichukua kanda ile kabla wimbo haujatolewa kwa watu. Nyimbo za vugo zilizoimbwa ndani, baina ya wanawake, si za masikio ya wanaume wa nje. Hata leo, katika harusi za Mombasa, wanawake hunyang'anywa simu mlangoni ili picha na sauti zisitoke. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya Zuhura aliyebaki. Nisipoisitiri sauti yake, nani ataisitiri?

Mumias hadi Nairobi

Basi lilipasuka gurudumu baada ya Kericho, tukakaa kando ya mashamba ya chai kwa muda wa kutosha watu wasiojuana kuanza kugawana karanga. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mkoba uliojaa madaftari ya wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa ametia vidude vya kusikilizia masikioni, na kutoka humo kulivuja mvumo kama wa kinu cha kusaga mahindi.

"Samahani, mwalimu," nilisema. "Hicho ni kitu gani?"

"Muziki mzito, mzee. Wa magitaa."

Sikuamini. Lakini kwa kuwa nilikuwa nakwenda kuhukumu jambo nisilolijua, nilimwomba anisikilizishe. Alinipa kidude kimoja. Nilikitoa sikioni kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Mzee, na huo ni mwanzo tu!" alicheka. "Nikitoka kufundisha hesabu za sehemu, darasa zima lisielewe, hii ndiyo dawa yangu. Nikifika nyumbani nimetulia, sigombi na mtu."

Nilimtazama hadi gurudumu lilipokwisha kubadilishwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona wahuni. Sikuwa nimejiandaa kuona mwalimu wa hisabati.

Nairobi hadi Mji wa Kale

Treni ilisimama nyikani, kabla ya Voi, zaidi ya saa moja. Katika behewa letu mmoja alisema tembo wamelala relini. Mwingine akasema kuna mkubwa wa serikali anapita. Wa tatu akaapa kwamba chuma cha reli kimepinda kwa joto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameinuka kitini. Mimi niliandika katika daftari langu: "Treni imesimama," nikala yai langu la kuchemsha.

Kutoka kituo cha Miritini nilichukua tuktuk, nikaingia kisiwani kupitia Makupa hadi Mji wa Kale. Huko nilipatwa na mshangao wangu wa kwanza wa kweli. Nyumba tuliyozaliwa mimi na Zuhura, iliyouzwa na binamu zetu, imekuwa nyumba ya wageni. Nilikuwa nimeambiwa hivyo pia, na nilikuwa nimekataa kuamini.

Mlango ni uleule, wa mvule, wenye nakshi za maua. Nilibisha kama nibishavyo siku zote, kwa mgongo wa pete yangu: mara tatu, kwa nafasi.

"Mzee, mlango u wazi, waubishia nini?" aliuliza mwanamke aliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi. Jina lake Bi Mishi, mtu wa ucheshi.

"Hodi haingoji mlango ufungwe."

"Basi karibu, starehe. Wewe ndiwe mgeni wa kwanza mwaka huu kunipigia hodi. Wengine huingia na mabegi yao kama watoza ushuru."

Asubuhi aliniletea mahamri na mbaazi katika chumba cha ndani. Chumba kile kilikuwa cha wanawake. Baba yangu mwenyewe alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kukikaribia. Sasa kijana mmoja wa Kizungu, mwenye kaptura, alikuwa akila mayai pale alipokuwa akikaa mama yangu, na alinisalimia kwa adabu kubwa, jambo lililonifanya nishindwe hata kukasirika.

Katika chumba hicho ndimo Zuhura alimokuwa akiimbia vugo. Niliwahi kuwaambieni, ndugu zangu, kwamba aliacha kuimba kwa hiari yake, na kwamba siku alipoacha alinikabidhi pembe yake kama kumbukumbu. Mliniamini. Nami nilijiamini.

Marikiti

Sikuwa na anwani ya Salim. Sisi wawili tulikuwa hatujaandikiana tangu mazishi ya mama yake. Bwana Badi alikuwa amesema tu kwamba watu wa Marikiti wamjua. Nikaenda sokoni, baina ya mikokoteni ya mananasi na harufu ya viungo, nikaanza kuuliza.

Hamali wa kwanza, mwenye gunia la vitunguu mgongoni, alinitazama kofia, akanitazama fimbo, akasema Salim amehamia Malindi. Mwuza ndimu akasema amekwenda Arabuni. Mwuza nazi akanishika mkono kwa huzuni.

"Pole, mzee wangu. Salim amefariki."

"Lini?"

"Si muda."

"Alizikwa wapi?"

Hapo alianza kuyahesabu madafu yake. Mimi nilikuwa nimewasikia mahakamani mashahidi waongo kuliko yeye, lakini moyo ulinipiga hata hivyo.

Ni mwanamke mmoja mwuza bizari, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyenitatulia fumbo hili.

"Wewe umetumwa na nani?" aliniuliza. "Na wale waliotaka kumfungia kazi kwa sababu ya makelele?"

"Sikutumwa na mtu. Mimi ni mjomba wake. Ndugu ya Zuhura."

Alinyanyuka kitini. "Ewe! Mjomba wake mtu! Na uso huo umekuja nao hivyo kutoka bara?" Akageuka akapaza sauti kwa soko zima: "Si mtu wa mashitaka! Ni mjomba!"

Mwuza nazi akacheka, akasema marehemu amefufuka. Hamali aliweka gunia chini akanieleza njia: Salim yuwafanya kazi katika godauni huko Mbaraki, na nyumba yake iko Tononoka. Nilishangaa kuliko nilivyotaka kuonyesha. Nilikuwa nimetarajia mji mzima ukinililia kwa aibu ya mpwa wangu. Nilikuta mji unamficha.

"Alimrekodia binti yangu kasida zake," alisema yule mama wa bizari, akinitilia iliki kwenye karatasi kama zawadi. "Akamrudisha mara ishirini, kwa neno moja tu, hadi likakaa. Mkali huyo. Kumbe ukali huo kautoa kwako."

Mbaraki

Godauni limeezekwa mabati, nyuma ya barabara ya malori yaendayo gatini. Niliuona mlango wake wa chuma ukitetemeka kabla sijasikia sauti. Nikaingoja kelele ikome, nikabisha kwa pete, mara tatu.

Alifungua mwanamke mwenye buibui, hedifoni zimening'inia shingoni. Alikuwa Rukia, mke wa Salim, ambaye sikuwahi kumwona. Hakusema karibu. Aliutazama mkono wangu, kisha uso wangu, kisha mkono tena. Nikaona ni ukosefu wa malezi, nikaupuuza.

Salim alikuja mbio akaubusu mkono wangu. Ni mtu wa miaka karibu arubaini. Nywele zake zimefika mabegani. Shitaka la kwanza likathibitika papo hapo. Fulana yake nyeusi ilikuwa na picha ya fuvu linalowaka moto, na chini yake alikuwa amevaa kikoi safi kilichopigwa pasi.

"Mjomba! Sabalkheri. Umekuja bila ya habari?"

"Habari ndiyo iliyonileta. Endelea na kazi yako. Nataka kuona kwa macho yangu."

Nilipewa kiti. Walikuwako wapigaji wawili, mmoja wa drams na mmoja wa gitaa la besi. Salim alivaa gitaa lake, akakanyaga kitufe sakafuni, na kilichotoka kilinigonga kifuani kama mtu anayenisukuma nje. Nilikamata fimbo yangu kwa mikono miwili. Baada ya muda mfupi aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Kamba yako ya pili imeshuka," alimwambia wa besi.

"Salim, katika vurugu hii umesikiaje?"

"Si vurugu. Tia sawa."

Kisha walisikiliza walichorekodi, na hapo nilishangaa upya. Aliipunguza sauti ya spika hadi ikawa ndogo kuliko mazungumzo. Wote walikaa kimya, vichwa vimeinama, kama watu wanaosikiliza pumzi za mgonjwa. Aliniambia kwamba muziki mkubwa hupimwa kwa sauti ndogo. Ikiwa hapo hausimami, basi ulikuwa ukisimama kwa kelele tu.

Walipotoka wale wawili kwenda kula viazi vya karai, nilisema lililonipeleka.

"Kanda ya mama yako i wapi?"

"Ipo, Mjomba. Anayo Rukia."

"Umeitia katika mambo haya?"

"Sijaisikia."

"Usinifanye mtoto, Salim."

"Wallahi sijaisikia. Jirani yetu wa zamani alipofariki, ilionekana ndani ya kasha lake la nguo. Imeandikwa juu kwamba ni ya wanawake, ya harusi, ndani. Mimi naisikiaje? Nilimpa Rukia."

Rukia alisema kwa upole, "Mimi husikiliza, Mjomba, kisha humgongea mdundo wa pembe mezani kwa kijiko. Yeye hufuata kwa gitaa. Wako wanawake watatu wa kanda hiyo walio hai. Nimekwenda majumbani mwao kuomba radhi. Wameridhia pembe zao zisikike, si sauti zao."

"Na sauti ya Zuhura?"

"Hiyo twakungoja wewe," alisema Salim. "Nilikuandikia. Barua haikufika?"

Haikufika, au ilifika katika anwani niliyoihama, sitaki kuapa. Salim alinichezea wimbo wake taratibu. Katikati palikuwa na kimya kirefu, magitaa yote yakingoja.

"Hapa ni mahali pake," alisema. "Ukikataa, patabaki hivi. Sikupata kumsikia Mama akiimba, Mjomba. Hata siku moja. Nilitaka kumsikia mara ya kwanza mbele yako, kwa ruhusa yako. Njoo kesho nyumbani tule, kisha utasema."

Nilikuwa nimekwenda kumnyang'anya kitu. Nilitoka mikono mitupu, nami ndiye niliyeona haya.

Tononoka

Nyumba yao iko karibu na uwanja. Nilibisha, nikakaribishwa, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baadaye Salim alitoka kwenda dukani kununua halua ya kunywea kahawa. Rukia alifunga dirisha la upande wa barabara.

"Mjomba, kuna jambo sijamwambia mume wangu."

"Sema."

"Sehemu anayoimba Mama peke yake nimeitenga, ili wewe na mwanawe muisikie, maana nyinyi ni watu wake. Lakini mwishoni mwake mna mwanamume. Yuwabisha."

Akachukua kijiko, akagonga ukingo wa meza. Mara tatu, kwa nafasi.

"Jana ulipobisha godauni," alisema, "nilidhani kanda yajicheza yenyewe."

Ndugu zangu, niliijua hodi ile. Lakini mazoea ya kazi hayatoki mwilini upesi.

"Sikubali kushitakiwa kwa maelezo ya mtu," nilimwambia. "Niwekee."

Alinivisha hedifoni. Kwanza ulikuja mkwaruzo, kisha pembe, kavu na sawasawa, kisha Zuhura. Sikuwa nimeisikia sauti ile ikiimba kwa zaidi ya miaka arubaini. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, haikuwa na haya, na ilikwea juu ya pembe zile kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Nilijikuta nimefumba macho.

Kisha hodi tatu.

Kisha sauti ya mwanamume, changa, nyembamba, yenye kujiona: "Zuhura! Nyamaza. Dada wa karani wa mahakama haimbii watu. Nipe pembe hiyo."

"Kaka," alisema Zuhura, "nimalize ubeti huu."

"Hapana. Sasa hivi."

Ukasikika mlio wa pembe ikiwekwa sakafuni. Kanda ikaisha.

Sikuwa nimewadanganya kwa kukusudia. Nataka mlijue hilo, ingawa halinisaidii. Katika kumbukumbu yangu Zuhura alinipa pembe ile kwa mikono miwili, akitabasamu, mlangoni. Nilimwona kabisa. Hata rangi ya leso yake naiona mpaka leo. Na hayakutokea. Kwa miaka yote nilikuwa nikitoa ushahidi wa mtu aliyeambiwa tu, na aliyenambia ni mimi.

Rukia alinivua hedifoni taratibu. "Nikiikata kabla ya hodi," alisema, "itabaki sauti ya Mama peke yake. Salim hatajua, wala mtu mwingine. Yatosha ulijue wewe peke yako, Mjomba. Sema tu."

Mlango wa nje ukalia. Salim alikuwa amerudi.

Katika maisha yangu ya ukarani nilipata kuombwa na wakubwa na wadogo nifute mstari mmoja tu katika kumbukumbu za kesi. Sikufuta. Nakiri kwamba siku ile, kwa muda wa hatua za mtu kutoka mlangoni hadi sebuleni, nilitaka kufuta.

"Mwekee yote," nilisema.

Salim alisikiliza akitazama sakafu, kidole chake kikipiga mdundo gotini. Nikajua kwa kidole kile mahali alipofika. Kilipiga, kikapiga, kisha kikasimama. Alivua hedifoni, akaitazama pete yangu. Halua ilikuwa mbele yetu, hakuna aliyeigusa.

"Nilipokuwa mtoto," alisema mwishowe, "nikimwomba aniimbie, alikuwa akisema, 'Mimi sina sauti, mwanangu.' Nami nikamwamini. Nikadhani hapendi muziki. Nilinunua gitaa langu la kwanza kwa siri, nikamficha miaka miwili, ili nisimuudhi."

Nilingoja anifukuze; angekuwa na haki. Badala yake aliniuliza swali nililoliogopa kuliko kufukuzwa.

"Pembe i wapi, Mjomba?"

"Nyumbani kwangu. Mezani."

"Yafanya nini?"

"Yakandamiza karatasi."

Rukia aligeuza uso. Salim aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyoitikia anaposikiliza kazi ya mtu ambaye hataki kumvunja moyo.

"Una ruhusa yangu," nilimwambia, "kama ruhusa yangu bado ina thamani. Tia sauti yake. Na mimi usinikate. Hodi yangu na maneno yangu yabaki palepale yalipo."

"Watu watakusikia, Mjomba. Watakujua."

"Wanisikie. Mama yako aliomba amalize ubeti. Ikiwa mtanikata, itakuwa kwamba aliacha mwenyewe. Na hilo nimelisema mimi vya kutosha."

Kurudi

Sina mengi ya njia ya kurudi. Treni haikusimama, basi halikupasuka, na sikuzungumza na mtu. Asubuhi ya kuondoka niliingia tena katika kile chumba cha ndani. Kabla ya kuingia nilikohoa mara mbili, kama Baba. Bi Mishi aliniuliza kama kifua chaniuma.

Nilipofika hapa niliichukua pembe, nikaifuta wino na vumbi, nikaifunga katika leso mpya, nikaipeleka Mombasa kwa mkono wa mtu ninayemwamini, ambaye nilimwona kwa macho yangu akipanda basi. Wiki iliyopita Salim aliniandikia: "Imefika, Mjomba. Ina ufa mdomoni, lakini Rukia ameigonga na bado yalia. Pale baada ya sauti yako tumepaacha wazi kwa urefu wa ubeti mmoja. Hapana gitaa, hapana mtu. Pembe yake tu."

Hayo ndiyo yaliyonikuta. Mkija barazani mkaniona nimekandamiza karatasi zangu kwa kiganja, upepo ukivuma, msiniletee jiwe.